Na Bangi!

Maneno, Néhémie alikuwa nayo. Hilo hata Arlette mke wake, ambaye kwa mambo mengine yote alikuwa amemchoka, hakumnyima. Mpe Néhémie watu watano wenye muda wa kupoteza, na kabla jua halijasogea atakuwa amewaonyesha kwamba Wabelgiji waliiba dhahabu, wakaiba pembe, na walipoona cha kuiba kimepungua wakaiba majani: wakaandika sheria ya kumfunga mtu kwa ajili ya mmea unaojiotea nyuma ya choo. Na wakubwa wetu, badala ya kuichana sheria hiyo, wameipiga pasi. "Wameipiga pasi!" Watu wa mji wa Baraka walilipenda sana neno hilo. Walicheka, wakapiga makofi, wakarudi kwenye kazi zao. Néhémie, ambaye hakuwa na kazi ya kurudia, alirudi nyumbani Lweba kuuliza kama bugali uko tayari.

Na tuseme ukweli, si kwamba alikosea. Arlette aliyaona kwa macho yake magunia ya bangi yakiingia kituoni kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, kamanda akipigwa picha, na yakitoka kwa mlango wa nyuma yakielekea Lulimba kwa wachimba dhahabu. Alimwona mchungaji fulani, ambaye sitamtaja maana ana kesi za kutosha mbinguni, akihubiri dhidi ya moshi Jumapili na Jumatatu akitafuta majani ya kuwapa kuku wake wenye kuhara. Nchi nzima ilikuwa inavuta kwa siri na kufunga watu kwa sauti. Kwa hiyo Néhémie alikuwa na haki. Kilichomchosha Arlette ni kwamba mtu mwenye haki namna hiyo alikuwa mvivu namna hiyo.

Néhémie alizaliwa Nundu, mtoto wa katekista. Vita vilipokuja alivuka ziwa na wenzake, akakaa miaka mingi kambini Nyarugusu, upande wa Tanzania, na huko ndiko alikopata nywele za kusokota, Kiswahili cha kitabuni, na imani kwamba yeye ni mshairi. Aliporudi Fizi watu walimshangaa. Pale wengine wanaposema "batoto" yeye alisema "watoto", pale wengine wanaposema "muntu" yeye alisema "mtu", tena taratibu, mdomo ukiwa umebanwa kama anaonja chumvi. Kilingala ndicho hakutaka hata kukisikia. Kilikuwa lugha ya askari na polisi, lugha ya kuulizwa kitambulisho. "Siwezi kuuchafua ulimi wangu," alikuwa akisema. Arlette, binti wa askari wa Mbandaka, aliyekulia kambini Kalemie na kukiongea Kilingala kama kuteremka mlima, alikuwa akimtazama tu na kuendelea kuchambua ndagala zake, dagaa wale wa ziwani.

Mshairi alikuwa na chama pia. Chama kilikuwa na muhuri, na fulana za kijani, na vijana wa pikipiki waliopenda kuvaa fulana za bure. Juu ya fulana, kifuani, kwa herufi kubwa nyeupe, paliandikwa NA BANGI. Maneno hayo yalitoka kwenye shairi lake, lile lililopigwa redioni mpaka wagonjwa wa hospitali walikuwa wanalijua kwa moyo. Mungu aliumba milima, na maji, na bangi! Kila mstari uliishia hapo, na kila mstari ulipoishia hapo soko zima liliitikia.

Sasa sikia. Kwa Kilingala, "nabangi" ni kusema: naogopa.

Arlette aligundua jambo hilo siku moja kwenye kizuizi cha barabarani, wakitoka Baraka kwenda Lweba. Askari walisimamisha pikipiki, wakaanza ule wimbo wao wa kuuliza hiki na kile. Néhémie akashuka, akajipiga kifua, akawapigia kelele usoni: "Na bangi! Na bangi!" Askari walitazamana. Mmoja alicheka mpaka akaegemea kamba ya kizuizi. Jitu zima, nywele mpaka mgongoni, limeshuka kwenye pikipiki na kuwatangazia kwa ngurumo kwamba linaogopa! Waliwaacha wapite bila neno, tena wakiwapungia mikono.

"Umeona?" Néhémie alimwambia mke wake, mabega yamempanda. "Ushairi unafungua barabara. Hata askari, moyoni mwao, wako na sisi."

"Nimeona," Arlette akajibu.

Hakumwambia. Siku ile hakumwambia kwa sababu bado alimpenda, na mtu unayempenda humvui nguo barabarani. Baadaye hakumwambia kwa sababu ilimfurahisha. Kila alipomsikia akinguruma redioni kwamba anaogopa, anaogopa, anaogopa, Arlette alipata nguvu ya kumaliza beseni zima la samaki.

Shamba la Lweba lilikuwa la Arlette. Lilitoka kwa ukoo wa mama yake, pamoja na nyumba iliyomo. Yeye hakuwa na nafasi ya kulima kila siku, maana ndagala hazingoji, hivyo alimpa sehemu mama mmoja Mrundi wa kambi ya Lusenda, jina lake Goreth, alime mihogo wagawane. Goreth alikuwa mjane mwenye watoto, na mdogo wao, Kezimana, alikuwa bado ananyonya, wa kubebwa mgongoni. Alilima kama mtu anayemwogopa mwenye shamba, ingawa Arlette hakuwahi kumfokea. Ukishafukuzwa kwenu, hata kivuli cha mti unakiomba ruhusa.

Na ni katikati ya mihogo ya mama huyu ndiko Néhémie alikokwenda kupanda bangi yake. Hakupanda kwa mkono wake, usidanganyike. Alisimama pembeni na fimbo akionyesha: hapa, na hapa, na pale. Goreth aliijua mbegu ile vizuri.

"Mzee, hii ni urumogi," alisema. "Mimi ni mkimbizi. Wakiikuta watanimaliza."

"Mwanangu," Néhémie akamwambia, mkono wenye pete za shaba umemkaa begani, "mimi ndiye mwenye mmea huu. Siku wakija, nitasimama mbele yako."

Arlette alipoiona miche imefika magotini aliwaka. "Ngoa ile miti, Néhémie! Ngoa leo! Ule mama iko na batoto, ukitaka kufungwa ufungwe weye peke yako!" Néhémie alijibu kwa hotuba kuhusu ardhi na uhuru. Arlette alitishia kuing'oa mwenyewe. Kisha samaki wakaja kwa wingi wiki ile, unajua yalivyo mambo ya samaki, na polisi wakafika kabla yake.

Hawakumkuta Néhémie shambani, maana Néhémie hakuwa mtu wa kukutwa shambani. Walimkuta Goreth na jembe mkononi na mtoto mgongoni. Wakang'oa miche, wakaifunga fungu kama kuni, wakambebesha mwenyewe kichwani mpaka kwenye gari.

Arlette alipopata habari aliacha beseni palepale ufukoni. Alikwenda kituoni Baraka, akasema wazi, kwa Kilingala, kwamba bangi ni ya bwana yake. Kamanda, mtu wa jimbo la Équateur, tumbo mbele, alimsikiliza akitabasamu. Goreth naye alikuwa ameshasema hivyohivyo. "Yule wa kuogopa?" kamanda akauliza, na askari wake wote wakacheka. "Yule hawezi kupanda hata kitunguu. Kama ni yake, mwenyewe aje aseme kwa mdomo wake." Ndani ya kasho, mle chumba cha mahabusu kisicho na dirisha, Arlette alisikia mtoto akilia, na mama yake akimnyamazisha kwa Kirundi.

Alirudi nyumbani mbio. Néhémie alikuwa amekaa mlangoni na vijana wake wa fulana, na uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeletewa mahari.

"Vaa viatu," Arlette akasema. "Unaenda kusema ni yako. Sasa hivi."

"Arlette, tulia. Keti. Hujaelewa kilichotokea." Alimvuta pembeni, akashusha sauti. "Hii ndiyo kesi tuliyoingoja! Nikienda leo kituoni, nitakuwa mvuta bangi mmoja zaidi, watanipiga makofi mawili na kunifukuza. Lakini mama mkimbizi, na mtoto mgongoni, mbele ya mahakama? Redio zote zitakuja. Sheria yenyewe itakaa kizimbani."

"Atakayekaa kizimbani ni Goreth."

"Siku chache tu! Mahakama ya kuzunguka inakuja Fizi. Siku hiyo, mbele ya hakimu, mbele ya umati, nitasimama na kusema: mmea ni wangu, nifungeni mimi. Unaona picha hiyo?"

Arlette aliiona picha. Alimwona Néhémie katikati, mikono imeinuliwa, na Goreth pembeni kama pazia. Alitamani kumtemea mate. Lakini alijua pia kwamba bila mdomo wa mtu huyu Goreth hatoki, na mdomo wa Néhémie ulikuwa haujawahi kufunguka pasipo watu wa kuusikiliza. Basi akasubiri naye. Kila siku alipeleka bugali na sombe ya majani ya mihogo kituoni, akampa Goreth mkono kupitia nondo za mlango, akamwambia: "Atasema. Kule Fizi atasema. Ameniapia." Goreth alikuwa akiitikia, "Ndiyo, mama," kwa adabu ya mtu ambaye ameshaapiwa mengi.

Nyumbani mshairi alikuwa anafanya mazoezi. Alijitazama kwenye kioo cha pikipiki. Alijaribu kuingia kwa kulia, kisha kwa kushoto. Alimuuliza Arlette kama pingu zinavaliwa mbele au nyuma, kwa sababu nyuma ni nzuri zaidi kwa picha. Siku hizo ndipo mapenzi ya mwisho yalipomtoka Arlette, bila kelele, akiwa anaosha sufuria.

Siku ya kesi, Fizi ilijaa. Mahakama ilitoka Uvira na kuketi katika ukumbi wa parokia, meza ndefu, bendera, na viti vya plastiki. Baraka ilikuwa imepanda mlima kwa pikipiki, fulana za kijani zimejaa mpaka madirishani. Hawakuja kwa ajili ya Goreth, hilo Arlette aliliona mara moja. Walikuja kama watu wanavyokwenda kwenye mpira. Goreth aliingizwa amekonda, Kezimana mgongoni amelala, na hakuna aliyemsogezea kiti.

Hakimu alikuwa mtu wa Kinshasa, mwembamba, mwenye miwani, Kiswahili chake cha kuombea maji. Aliongea Kifaransa, na karani mmoja aitwaye Fabien, aliyetoka Bukavu, alikuwa anatafsiri. Fungu la bangi lilikuwa chini ya meza, limenyauka, linanuka ukumbi mzima, na polisi wawili walikuwa wamejitolea kukaa karibu nalo.

Mambo yalikwenda haraka. Goreth aliulizwa kama alikutwa shambani. Alikutwa. Aliulizwa mmea ni wa nani. Alisema ni wa Mzee Néhémie, na kamanda akacheka tena. Hakimu akauliza huyo Mzee Néhémie yuko wapi, na hapo ukumbi ukageuka wote.

Néhémie alisimama. Alikuja mbele polepole, nywele zimepakwa mafuta, na Arlette akasahau dharau yake yote, akajikuta anaomba: Mungu, leo tu. Aseme maneno mawili, "ni yangu", halafu hata akiimba baadaye aimbe.

"Mheshimiwa," Néhémie akasema, "naomba kujibu kwa shairi."

Fabien alitafsiri. Hakimu, kwa adabu tu, aliitika kwa kichwa. Na mshairi akafanya nini? Akampa hakimu mgongo! Aligeukia watu na simu ya mwandishi wa redio, akafungua mikono:

"Mungu aliumba milima, na maji, na bangi!
Akaumba samaki, na mihogo, na bangi!
Mama amebeba jembe, na mtoto, na bangi!
Mtamfunga mama? Fungeni mvua, na jua, na bangi!"

Ukumbi ulilipuka. "Na bangi! Na bangi!" Vijana walipiga miguu chini mpaka vumbi likapanda, na Kezimana akaamka akalia. Néhémie aligeuka sasa, jasho linamtiririka, akajipiga kifua mbele ya hakimu na kunguruma mara ya mwisho: "Na bangi!"

Hakimu alivua miwani. Sura yake ilikuwa imeingia huruma. Mshangao ulimtoa kwenye Kifaransa, akauliza kwa Kilingala: "Obangi nini, papa?"

Yaani, unaogopa nini, baba? Lakini Fabien, mtoto wa Bukavu, Kilingala kilimkuta miguu juu. "Anauliza," akasema kwa kusitasita, "anauliza... bangi nini."

Néhémie alitabasamu. Hatimaye, swali la maana! "Bangi yote, Mheshimiwa! Ya kuvuta, ya dawa, hata ya kuku!"

Polisi waliokuwa nyuma walishindwa. Mmoja alitoka nje kucheka. Kamanda alijisogeza mezani, akainama, akamweleza hakimu jambo lote sikioni, tangu kizuizi cha barabarani mpaka redio, na mabega ya hakimu yakaanza kutikisika. Alijifuta macho kwa leso. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akaona mzee naye aelezwe. Akaeleza kwa Kifaransa, na Fabien, masikini, akalazimika kutafsiri kwa sauti.

"Mheshimiwa anasema... kwa Kilingala, nabangi ni kusema naogopa. Alidhani Mzee anaogopa. Kamanda anasema kama miaka hii yote, askari wanasikia Mzee anapita akisema anaogopa."

Halafu Baraka ikacheka. Ilicheka Baraka yote, na waliocheka zaidi ni wale wenye fulana. Watu walipigana makofi mgongoni, wakaonyeshana vifua, "Ona weye, unaogopa! Hata weye unaogopa!" Kijana mmoja aliivua yake akaigeuza ndani nje. Hao ndio waliokuwa wanakesha wakimwita baba wa mapambano. Arlette aliwatazama mmoja mmoja na kuona hawana hata thamani ya kutukanwa.

Kisha alimtazama bwana yake. Mikono ilikuwa imeshuka. Bila umati wake, Néhémie alikuwa mzee mmoja mwenye nywele ndefu na shati lililolowa. Huruma ilimpanda Arlette, akaimeza. Akawaza: sawa. Sasa shairi limekwisha, na aibu imeshakuja, haiwezi kuja mara mbili. Sasa hana cha kulinda. Sasa atasema.

Hakimu naye alimwonea huruma. "Kobanga te, papa," alisema taratibu, usiogope. Hakuna mtu aliyekushitaki. Halafu akanyoosha kalamu kuelekea fungu chini ya meza na kuuliza: "Ya nani?"

Hapo Fabien hakutafsiri kitu. Ni ya nani, kwa Kilingala ni hivyo, kwa Kiswahili ni hivyo, na hata mtoto angeelewa.

Goreth aliinua macho kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alimtazama tu mzee aliyemwekea mkono begani.

Néhémie alilamba midomo. Alitazama fungu, alitazama polisi wawili, alitazama pingu kwenye mkanda wa mmoja wao, zile pingu za kweli, zilizochubuka. "Shamba si langu," alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kuombea chumvi kwa jirani. Hakimu akamwambia arudie.

"Shamba si langu, Mheshimiwa. Wala nyumba. Ni vya mke wangu, vya ukoo wa mama yake. Mimi sina kitu pale. Mimi... mimi ni mshairi tu."

Hata wale wachekaji walitazama chini. Arlette alikuwa ametegemea atasema ukweli, na moyoni, tuseme wazi, aliogopa atamwachia Goreth mzigo. Hili la tatu halikuwahi kumjia. Amelala na mtu huyu, amempikia, amemwosha zile nywele, na mtu huyu amemwangalia hakimu machoni na kumsukuma mbele kama mbuzi.

Basi akasimama.

"Juge, niko na neno," alisema, kisha akahamia Kilingala, kile kikavu cha kambini, na polisi wote wakanyanyua shingo. Aliuliza kwanza kama karani ameandika maneno ya bwana yake: kwamba shamba na nyumba ni vya Arlette, na kwamba yeye Néhémie hana kitu pale. Hakimu akamuuliza Fabien. Fabien alikuwa ameandika.

"Vizuri," Arlette akasema, sasa kwa Kiswahili ili bwana yake naye asikie. "Huyu mama nilimuweka mimi. Alilima nilichomuambia alime. Ile miti ni yangu. Mumuache aende kunyonyesha."

"Uliipanda wewe?" hakimu akauliza.

Arlette alimgeukia Néhémie, akamwachia nafasi, nafasi kubwa, ya kutosha mtu yeyote mwenye damu kusema "hapana". Néhémie alikuwa anachunguza kidole gumba cha mguu wake.

"Niliipanda," Arlette akasema.

Hakimu hakuwa mjinga. Alimtazama Néhémie kwa muda, akatamka neno moja la Kifaransa ambalo Fabien alikataa kulitafsiri. Lakini sheria ni sheria, hasa ikishapigwa pasi, na kukiri ni kukiri. Alimpa Arlette miezi mitatu, gereza la Uvira. Goreth akaachiwa palepale.

Nje mawingu yalikuwa yameshuka juu ya Fizi, na fulana za kijani zilikuwa zimeshaondoka kuiwahi mvua, chama kizima, bila hata kusema kwaheri. Arlette alipandishwa nyuma ya gari la polisi. Kamanda alikuwa bado ndani anatafuta saini, hivyo wakangoja. Goreth alikuja akashika ukingo wa gari kwa mikono miwili, analia, na Arlette akampangusa uso kwa pembe ya kitenge chake.

Néhémie naye alikuja. Alikuwa ameshapata sauti yake tena, na hilo ndilo lililomshinda Arlette kuliko yote, jinsi ilivyorudi upesi.

"Arlette," alisema, "umefanya jambo kubwa. Kubwa kuliko sisi wawili. Huko Uvira, ukiulizwa, useme ni kwa ajili ya chama. Mimi huku nitaandika. Dunia itajua jina lako."

Arlette hakumpa hata jicho. Alifungua fundo la kitenge kiunoni, akatoa ufunguo, akaufumbatisha kwenye kiganja cha Goreth.

"Sikia, Goreth. Mihogo iko ndani ya maji, uitoshe kesho uianike, isioze. Ndagala ziko kwa mama Espérance pale ufukoni, umuambie ni mimi. Toka mule kambini, lete batoto bako bote. Nyumba mulale, shamba mulime. Nikirudi tutaongea."

Goreth alitazama ufunguo, kisha akamtazama Néhémie. "Na Mzee, mama?"

"Mzee hana kitu pale. Amesema mwenyewe mbele ya juge. Karani ameandika."

Néhémie alicheka, kicheko cha kukohoa. "Unatania. Arlette! Mimi nitalala wapi?"

Arlette alifunga tena fundo la kitenge na kukaa vizuri juu ya bati la gari. Hasira ilikuwa imekwisha kumtoka. Alijisikia mwepesi, na hilo lilimshangaza, mtu anayekwenda gerezani. Kamanda alikuja, mlango ukapigwa, gari likanguruma likakataa kuwaka, likanguruma tena.

Upande wa pili wa barabara alibaki dereva mmoja wa pikipiki, kijana aitwaye Roger, aliyekuwa anafunika kiti kwa nailoni. Goreth alikwenda kwake, akamkaza Kezimana mgongoni, akapanda. Néhémie alimkimbilia. Alishika usukani wa pikipiki kwa mkono ule ule wenye pete za shaba, matone ya kwanza yakimwangukia kwenye nywele.

"Goreth, mwanangu," alisema. "Wewe unanijua mimi."

"Nakujua, Mzee," Goreth akasema, akamgusa Roger begani ili waende.